Siku Niliyojificha Ndani ya Mkeka

Wiki iliyopita jirani yangu wa chini alichemsha majani ya mwarobaini. Harufu ikapanda ngazi, ikaingia jikoni kwangu, nami nikaacha unga ninaoukanda, nikaenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena. Binti yangu akaniuliza, "Mama, unatafuta nini?" Sikuwa natafuta kitu. Mtoto wa jirani alikuwa na surua tu, na haikupita muda alikuwa ngazini tena akitupigia kelele. Lakini mwili wangu haukungoja habari hizo. Mimi nikisikia mwarobaini unachemka, miguu inataka kuondoka.

Nyinyi wa rika langu mliokulia visiwani mnaijua surua ya zamani. Ikiingia nyumba moja, imeingia zote. Kwetu kisiwani Koyama, karibu na Kismayo, iliingia wakati baba hayupo. Alikuwa Mombasa akitafuta kazi, kama baba wengi wa wakati ule, na nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi na mdogo wangu Bwanadi. Mimi nilikuwa na miaka saba, yeye minne. Bwanadi alikuwa mtoto wa kutangulia. Tukienda kisimani, yeye mbele. Tukiitwa kula, yeye ameshafika na mkono ameshanawa. Ukimpita njiani alikuwa analia kwa hasira mpaka umrudishie nafasi yake.

Mimi ndiye niliyeanza kuugua, yeye akafuata, na nakumbuka nilifurahi kidogo kwamba safari hii nimemtangulia. Mama alituogesha maji ya mwarobaini asubuhi na jioni, akatulaza chumbani na kufunga dirisha. Siku ya nne kifua cha Bwanadi kikaanza kufanya sauti kama mtu anayekwangua chungu. Mama hakumuuliza mtu. Alifunga nyumba, akatutia kwenye boti iliyokuwa ikipeleka samaki Kismayo, akatufunika wote wawili kwa leso moja iliyolowa. Njia nzima Bwanadi aliniegemea, na joto lake lilikuwa kali kuliko langu.

Hospitali siikumbuki kwa macho, maana macho yangu yalikuwa yamegandana kwa tongo. Naikumbuka kwa masikio. Kulikuwa na kitanda kilicholia kila mtu akijigeuza, na nesi wa Kisomali aliyemwita mama "walaal", dada yangu, na ndoo iliyoburutwa sakafuni. Kulikuwa na pumzi ya Bwanadi upande wa kulia kwangu, ikikwangua, ikikwangua. Nilikuwa nikilala na kuamka na kulala tena. Kisha, katika kuamka kumoja, nikasikia azana, na baada ya azana nikasikia mama anaswali karibu na kichwa changu. Alipotoa salamu akaweka mkono juu ya paji langu la uso. Mkono ulikuwa bado una maji ya udhu. Akasema, kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayezungumza na mwenye nyumba na hataki kumuudhi:

"Ya Rabbi, niachie huyu mmoja. Huyu mmoja tu."

Nikalala. Nilipoamka tena, nesi alikuwa ananipangusa macho kwa maji ya uvuguvugu, na mwanga ukaingia. Kwenye kitanda cha upande wa kulia alikuwa amelala mama mmoja mzee nisiyemjua.

"Bwanadi yuko wapi?" nikauliza.

"Ametangulia," mama akasema.

Kwa hiyo nikajua ametangulia nyumbani kwa shangazi pale mjini, kama kawaida yake, na nikamwonea wivu. Mpaka tulipofika kwa Shangazi Mwanaidi, dada mkubwa wa baba, na kuwakuta wanawake wamejaa uani wamekaa mikekani, hakuna anayecheka, na Bwanadi hakutoka mbio kuniambia amefika kwanza, ndipo nilipoelewa. Hakuna aliyeniambia. Nilielewa kwa jinsi wanawake wale walivyonitazama, kisha wakamtazama mama, kisha wakanitazama mimi tena.

Walikuwa wakiingia mmoja mmoja, wakimshika mama mkono. "Mungu ametwaa amana yake," walimwambia. "Ridhia, mwanangu." Mama naye akawajibu wote jibu moja: "Nimeridhia. Alhamdulillahi." Hakulia. Wanawake wakapokezana sifa, kwamba huyu ana imani, huyu ni wa kuigwa. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango, nimedhoofu, ngozi inanibambuka, na nikafanya hesabu yangu ya mtoto. Mama alimwambia Mungu huyu mmoja. Mkono wake ulikuwa juu yangu. Bwanadi akachukuliwa. Na mama ameridhia. Basi kumbe mambo yalikwenda hivyo: Mungu alitaka mmoja, akamuuliza mama ni yupi, na mama akaonyesha.

Kutoka hapo sikutulia tena. Niliona kwamba lile jambo lilipitishwa nikiwa nimelala, macho yamefumba, bila kuulizwa, na nikaapa halitapitishwa jingine namna ile. Sikulala mchana. Sikukaa mahali pamoja. Nilizunguka uani kwa shangazi, nikatoka barazani, nikaingia, nikapanda darini, nikashuka. Wali wangu niliugawa katikati na nusu nikaiacha, kwa sababu ilikuwa ya Bwanadi, na sikutaka aseme nimemlia na chakula juu ya yale mengine. Nikiswali, niliswali mara mbili. Mara ya pili niliswali kwa haraka, kama alivyokuwa akiswali yeye, akiinuka kabla ya mama kuinuka.

Mama aliona nakonda. Kila mara aliniita na kuweka mkono kwenye paji la uso kupima homa, na kila mara, mkono ule ukifika pale, nilirudi nyuma. Sikukusudia. Mwili wenyewe ulirudi. Akaacha kunigusa hapo. Akawa ananishika begani, kwa vidole, kama mtu anayeshika kitu cha watu.

Yeye naye hakutulia. Watu waliomsifu kwa kuridhia hawakukaa naye nyumba moja. Matanga yalipokwisha alisema anataka kurudi kwake, tukapanda boti tukarudi Koyama. Siku ya tatu, akiwa anafagia, akaegemeza ufagio ukutani na kusema turudi Kismayo. Tukarudi. Tukakaa siku chache, akasema nyumba ya Koyama itaingia mchwa, tukaenda. Tulikwenda na kurudi hivyo mara tatu au nne, mpaka nahodha wa ile boti akawa hatuulizi tena tunakwenda wapi. Kisiwani alikosa kaburi, na mjini alikosa nyumba. Hilo nalijua sasa. Wakati ule nilijua tu kwamba mama anatafuta kitu na hajakipata.

Mwishowe tukabaki kwa Shangazi Mwanaidi. Mama akanitia chuoni kwa Bi Zena, mama mtu mzima aliyefundisha watoto wa mtaa Kurani katika chumba kirefu nyuma ya nyumba yake. Na kila siku baada ya alasiri alijitupia buibui akatoka peke yake. Nilimfuata siku moja kwa mbali. Alikwenda mpaka kwenye ukuta wa makaburi, akasimama, mkono juu ya ukuta. Hakuingia. Midomo yake ilikuwa inacheza. Baadaye akageuka akarudi, nami nikakimbia kwa njia nyingine ili nifike kabla yake.

"Wifi, mwanamke haendi makaburini," nilimsikia shangazi akimwambia jioni ile. Walikuwa jikoni, na mimi ukutani upande wa nje.

"Siingii, wifi. Nasimama nje."

"Unasimama ukifanya nini?"

"Nataka kumsomea. Maneno hayatoki. Nimefikiri nimpeleke Mana. Labda Mana akifika pale, itakuwa."

Mana ni mimi. Ndivyo wanavyowaita wasichana kwetu.

Siku iliyofuata chuoni niliketi mbele, mahali ambapo siketi, na wenzangu walipotoka nikabaki. "Bi Zena," nikamwambia, "dua ya mama inaweza kubadilishwa?"

Bi Zena alikuwa anapanga juzuu kwenye rafu. "Kubadilishwa vipi?"

"Mama akiomba kitu akapewa, halafu akataka kile kingine."

Maskini, hakujua anajibu nini. Aligeuka akanitazama kwa mapenzi, akidhani namuuliza mambo ya dini. "Mama akimwombea mtoto wake jambo, Mungu husikia," akasema. "Leo na kesho. Mama haombi bure, mwanangu."

Nilitoka pale nikiyarudia maneno yake. Kwa hiyo akiomba upya, atapewa. Na kila siku yuko ukutani anaomba.

Alhamisi jioni mama akaniita. Alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi cha jikoni, na uso wake ulikuwa mpole kuliko siku zote zile, jambo lililonitisha zaidi. "Kesho asubuhi nitakupeleka kwa mdogo wako," akasema. "Utaoga vizuri, nitakuvalisha nguo safi, nyeupe, ile aliyoleta shangazi yako. Sawa, Mana?"

Nikasema sawa. Bwanadi naye waliniambia alioshwa vizuri, akavalishwa nyeupe.

Ijumaa chuo kilifungwa, na mlango wa uani kwa Bi Zena ulikuwa na kitasa kibovu tulichokijua watoto wote. Alfajiri mama alipoingia kuswali nikatoka. Nilikwenda chuoni kwa sababu mle mlikuwa na misahafu. Nilidhani Mungu hatamtoa mtu katikati ya maneno yake mwenyewe. Mikeka ilikuwa imekunjwa na kusimamishwa ukutani. Nikaulaza mmoja, nikajilaza ukingoni mwake, nikajiviringisha mpaka nikawa ndani, na kote nikaona michirizi ya mwanga kati ya ukindu na ukindu. Kulinuka vumbi na miguu ya watoto.

Sijui nilikaa muda gani. Jua lilipanda, joto likazidi ndani ya mkeka, jasho likaniingia machoni. Nilisikia jina langu linaitwa mtaani, kwa sauti ya shangazi, kisha ya kina mama wengine, kisha ya mama. Nikajiambia nitulie. Lakini miguu iliyokuwa haijatulia kwa majuma mengi haikuweza kutulia kwa sababu nimeiambia. Ilitetemeka. Mkeka wote ukatetemeka nayo.

Mlango ukafunguliwa. Nikasikia Bi Zena anasema, "Humu hamna mtu, mama, leo Ijumaa."

Nikasikia mama anapumua. Tangu siku ile nimewaza mara nyingi alichokiona: mkeka uliokunjwa sakafuni, urefu wa mtoto, na ndani yake mtoto. Na kwa mkeka ndivyo walivyomchukua Bwanadi hospitalini, lakini hilo mimi sikuwa nalijua bado. Alikuja kwa hatua za polepole, akapiga magoti, akaanza kuufungua. Hakuuvuta. Aliufungua mzunguko kwa mzunguko, mpaka nikatokea.

"Mana," akasema.

"Sitaki kubadilishwa."

"Nani anakubadilisha?"

"Wewe." Nilikuwa nalia sasa, na kulia kulinipa ushujaa. "Ulimwambia Mungu huyu mmoja. Nilikusikia hospitali. Ukanichagua mimi, Bwanadi akaenda, sasa unamtaka Bwanadi. Kila siku unakwenda kuomba. Nimekuona ukutani."

Bi Zena alishika mdomo, akatoka, akarudisha mlango taratibu. Mama alikuwa amekaa kitako sakafuni, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto. Nilidhani nimemkamata na uongo.

"Uliposikia maneno hayo," akasema, "macho yako yalikuwa wazi?"

"Yalikuwa yameganda."

"Ulisikia nini kingine?"

"Azana."

"Ya adhuhuri. Na Bwanadi, ulimsikia?"

Nikafikiri. Nilirudi katika giza lile la macho yangu, nikatafuta upande wa kulia ile sauti ya kukwangua. Nilikumbuka ndoo. Nilikumbuka kitanda kinacholia. Sauti ile haikuwepo.

"Hapana," nikasema.

"Hukumsikia kwa sababu hakuwepo. Alikwenda asubuhi, jua linatoka. Walikuwa wamekwisha kumchukua, mjomba wako na mume wa shangazi. Nilitakiwa niende kumwangalia mara ya mwisho, nikasema siwezi kuondoka, nimebakiwa na mmoja na huyo naye anawaka moto." Alikuwa akisema huku anatazama vidole vya miguu yake. "Ndipo nikaomba. Sikuchagua, Mana. Siku tatu nilikuwa nimewaombea wote wawili, nikiwataja kwa majina, wewe kwanza halafu yeye, yeye kwanza halafu wewe, ili asionekane mmoja nampenda zaidi. Hakuna aliyeniuliza ni yupi."

Kitu nilichokibeba kwa majuma yote yale kilikuwa kimetoka, na mahali kilipokuwa pakauma.

"Lakini uliridhia," nikasema. "Nilisikia. Uliwaambia watu wote."

"Niliwaambia."

"Hukuridhia?"

Mama akatazama rafu ya misahafu, kama anaangalia kama wanaosikia ni wengi. "Mdomo umeridhia," akasema. "Mdomo ndio niliokuwa na nguvu nao. Mengine yanakuja nyuma, sijui yako wapi, sijui yatafika lini. Kila siku nasema, ili yakifika yakute nilishasema."

"Umemkasirikia Mungu?"

"Usiniulize hivyo humu ndani." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nikiwa nimekasirika naswali. Nisipokasirika naswali. Sijui namna nyingine ya kukaa naye."

Akanyoosha mkono kuelekea paji langu la uso, akasita hewani. Nikasogeza kichwa mpaka mkono ukafika.

Hatukubadilisha nguo. Nilikwenda na gauni lile lile la kulalia, lenye vumbi la chuo, tukapita mtaani kina mama wakitutazama, na Shangazi Mwanaidi akiwa mlangoni kwake akafungua mdomo kusema jambo la wanawake na makaburi, akaufunga. Kwenye ukuta mama alisimama mahali pake pa kila siku. Mimi nikaingia. Sikujua kwamba ndicho ninachotakiwa kufanya, niliingia tu kwa sababu miguu ilikuwa inakwenda, na mama akanifuata.

Kaburi hatukulijua mara moja. Mama alielekezwa tu kwa maneno: upande wa bahari, dogo, kuna jiwe la tumbawe kichwani. Madogo yalikuwa mengi upande wa bahari, na mawe ya tumbawe ndiyo mawe ya kule. Tulizunguka. Tukarudi tulikopita. Mama akaanza kwenda haraka, anainama, anainuka, pumzi inampanda, na nilimwona anakaribia kukimbia. Nikamshika buibui. "Hili," nikasema, nikionyesha moja ambalo mchanga wake ulikuwa bado haujashikana. Huenda lilikuwa lenyewe. Yalikuwa mawili au matatu yanayofanana.

Akachuchumaa. Akainua mikono, akasema bismillahi, na baada ya bismillahi akakwama. Nilimngoja. Fatiha ni mama aliyenifundisha, nikiwa sijui hata kufunga viatu, neno kwa neno, huku anachambua mchele. Sasa alikuwa amefungua midomo na neno la kwanza haliji. Neno lenyewe ni lile lile alilokuwa akiwapa watu matangani bila shida. Kwa watu lilitoka. Mbele ya mchanga ule liligoma.

"Alhamdu," nikasema.

"Alhamdu," akasema.

"Lillahi."

Tuliisoma yote hivyo, mimi mbele na yeye nyuma, na alipofika mwisho akajikunja akalia mpaka paji lake likagusa mchanga. Nilimkalia karibu. Niliogopa kwanza, kisha nikachoka kuogopa, nikaanza kuokota vijiti vilivyokuwa juu ya kaburi na kuviweka pembeni.

Mama yuko hai, yuko nami hapa Mombasa, tulikomfuata baba mwaka mmoja baadaye. Nilipata ndugu wengine wawili. Hata leo hakai muda mrefu kwenye kiti kimoja, na akiulizwa ana watoto wangapi husema wanne, halafu huinuka kutafuta jambo la kufanya. Kama yale mengine yalifika hajaniambia, nami sijamuuliza tena.

Lakini Ijumaa ile tuliporudi aliswali adhuhuri, akalala. Alijitupa kwenye mkeka wa uani, buibui haijavuliwa, akalala usingizi ambao sikuwa nimeuona kwake tangu tulipoondoka Koyama, mdomo wazi, kiganja juu ya tumbo. Nikakaa karibu yake. Watu walirudi kutoka msikitini, wakala, vyombo vikaoshwa. Nilifukuza inzi. Nilikula wali wangu wote. Azana ya alasiri ikatoka msikiti wa karibu, halafu wa mbali, naye hakujigeuza. Shangazi Mwanaidi akaja na birika la udhu, akasimama juu yetu.

"Muamshe mama yako, Mana. Wakati wa swala umeingia."

Nilimtazama mama. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, pumzi safi, haina mkwaruzo wowote.

"Muache kidogo, Shangazi," nikasema. "Wakati bado upo."